Mizizi ya Mpasheni, Kuvu za Udongoni na Sumu Zake: Mwongozo Kamili wa Kuzuia Mnyauko

Mkulima wa pasheni huuona mnyauko kwenye majani, lakini mnyauko huanza mahali ambapo macho hayafiki. Siku ambayo mmea uliokuwa umestawi unalegea mchana na kushindwa kuinuka hata baada ya usiku kupita, mizizi yake imekwisha kuwa mikononi mwa kuvu kwa wiki kadhaa, pengine kwa miezi. Kwa sababu hiyo, mwongozo huu unatumia nafasi kubwa kueleza kazi zinazofanywa kabla mche haujaingia shimoni, na nafasi ndogo kueleza tiba. Mpasheni ulionyauka hautibiki, ila udongo unaweza kutunzwa usiulete ugonjwa huo kwa mche unaofuata.

Ninazungumzia hasa pasheni ya zambarau, ile inayolimwa katika nyanda za juu zenye ubaridi kiasi: Uasin Gishu, Meru, Embu na Murang'a kwa upande wa Kenya, Lushoto na Njombe kwa upande wa Tanzania, na Kasese kule Uganda. Pasheni ya njano, ambayo hupenda zaidi joto la maeneo ya chini, nitaitaja mara nyingi kama shina la kubebeshea, yaani shina la chini ambalo zambarau huunganishwa juu yake, kwa sababu mizizi yake ndiyo ngao yetu kubwa.

Kinachotokea chini ya ardhi

Neno sumukuvu limezoeleka katika habari za mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, na mtu akilisikia hufikiria afya ya mlaji. Sumu zinazohusika hapa ni za namna nyingine, kwa kuwa mlengwa wake wa kwanza ni mmea wenyewe. Kuvu huzitoa ili kuua seli za mzizi, kuzifanya zivujishe chakula kilichomo, na kuwanyamazisha viumbe wengine wa udongoni ambao wangeipinga.

Mhalifu mkuu ni fuzari, kwa jina la kitaalamu Fusarium oxysporum, kundi la passiflorae. Wataalamu wa Australia walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuieleza, mwanzoni mwa miaka ya 1950, baada ya mashamba ya pasheni ya zambarau kuanza kufa huko. Fuzari ina makundi mengi yenye uchaguzi wa chakula: kundi linaloua migomba haliui mipasheni, na linaloua nyanya haliui mojawapo ya hiyo miwili. Mkulima aliyepoteza migomba yake hana sababu ya kuogopa kwamba kuvu ile ile itamalizia pasheni zake, na mara nyingi nimewasikia watu wakiacha ardhi nzuri kwa hofu hiyo isiyo na msingi. Hofu yenye msingi ni ya ardhi iliyowahi kuotesha pasheni zilizonyauka, kwa maana fuzari huacha udongoni vijimbegu vyenye ukuta mzito vinavyoweza kungoja miaka mingi, hata zaidi ya 10, bila kuona mzizi wa kushambulia.

Mzizi mchanga unapopita karibu, majimaji yanayotoka kwenye ncha yake huviamsha vijimbegu hivyo. Kuvu huota, huingia kupitia ncha ya mzizi au jeraha, kisha hutafuta njia hadi kwenye mishipa ya kupitisha maji. Humo ndani hupata gari la bure: huzaa vijimbegu vidogo vinavyopandishwa na maji hadi juu. Mmea nao hujihami kwa kuziba mishipa yake kwa utomvu mzito na vivimbe, na hapo ndipo kinga inapogeuka kuwa sehemu ya ugonjwa, kwa sababu njia iliyozibwa dhidi ya kuvu imezibwa pia dhidi ya maji.

Juu ya hayo yote huja sumu. Inayojulikana zaidi ni asidi ya fusariki, iliyotambuliwa nchini Japani mwaka 1934 kutoka kwa kuvu ya jamii hii ya fuzari. Asidi hii huvuruga utaratibu wa ngozi za seli, ambazo kwa kawaida huchagua kinachoingia na kinachotoka, hivyo seli hupoteza maji na madini. Huingilia pia upumuaji wa seli, na hunasa madini kama chuma, shaba na zinki kiasi kwamba mmea hauyapati ingawa yamo. Majani yanaponyauka ilhali udongo ni mbichi, sababu ni mbili kwa pamoja: bomba limeziba, na jani lenyewe haliwezi tena kushika maji yaliyolifikia.

Kuna jambo la tatu, nami naliona kuwa la maana zaidi kwa mkulima kuliko yale mawili. Udongoni huishi bakteria rafiki wanaokaa kwenye mizizi na kutengeneza dawa zao za kuua kuvu. Imethibitishwa katika maabara kwamba asidi ya fusariki huwazuia baadhi ya bakteria hao kutengeneza dawa hiyo, bila hata kuwaua. Fuzari, kwa maneno mengine, haipigani na mzizi peke yake, bali huwapokonya walinzi wa mzizi silaha kwanza. Udongo wenye walinzi wa aina nyingi humpa taabu adui wa namna hii, na udongo uliochoka, usio na mboji, humwachia mlango wazi.

Wahalifu wengine wawili hushambulia shingo ya mmea, pale shina linapokutana na ardhi. Wa kwanza ni ndugu wa fuzari, Fusarium solani, anayeozesha gome kwa vimeng'enya na kwa sumu zenye rangi nyekundu. Wa pili ni fitoftora, ambaye kwa ukoo si kuvu halisi ingawa wote tunamhesabu humo. Vijimbegu vyake vina mikia na huogelea kwenye maji yaliyotuama hadi kwenye mzizi, na hutoa protini zinazofanya seli za mmea zife kwa wingi. Kutofautisha fuzari na fitoftora ni muhimu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu dawa inayomzuia mmoja haimgusi mwingine.

Hatua ya kwanza: Chimba na usome mizizi

Usikisie ugonjwa kwa kutazama majani. Chagua mmea mmoja unaoanza kulegea, usichague uliokwisha kukauka, kwa kuwa mzizi uliokufa zamani huvamiwa na kuvu za kila namna ambazo hazikuhusika na mauaji. Ondoa udongo taratibu kwa mkono kuzunguka shingo, kisha chimba kwa jembe ukianzia hatua moja kutoka kwenye shina kuelekea ndani. Mizizi mingi ya mpasheni imo katika sentimita 30 hadi 45 za juu, kwa hiyo kazi hii haichukui nusu saa.

Osha mizizi kwenye ndoo, kisha chukua kisu kikali na uchane shina kwa urefu, kuanzia shingoni kwenda juu. Mpasheni mzima una ndani nyeupe yenye ukijani hafifu. Ule wa fuzari huonyesha michirizi ya hudhurungi au ya wekundu wa kutu inayofuata mishipa, kana kwamba mtu amechora mistari kwa chai ya rangi, na gome la nje linaweza kuwa bado zima kabisa. Mara nyingi utaona upande mmoja wa mmea umenyauka na mwingine bado umesimama, kisha mmea mzima hufa ndani ya siku chache hadi wiki mbili.

Ikiwa michirizi haipo ila gome la shingoni limevimba, limepasuka na kuoza likielekea kuuzunguka mmea wote, shuku Fusarium solani. Wakati wa mvua tazama kwa makini juu ya kidonda hicho, kwa maana huweza kuonekana vidoa vyekundu vidogo kama vumbi la pilipili, ambavyo ni nyumba za vijimbegu vya kuvu. Ikiwa shingo ni laini, ina majimaji na rangi ya giza, shamba limetuamisha maji, na majani ya chini yanaonekana kama yameunguzwa na maji ya moto, basi yaelekea ni fitoftora. Vinundu vidogo vidogo kwenye mizizi membamba ni kazi ya minyoo fundo, ambao wenyewe hudhoofisha mmea na, baya zaidi, hutoboa milango ambayo fuzari huingilia. Matunda yanayokuwa madogo, magumu, yenye ganda nene pamoja na majani yenye mabaka ni virusi, na hayo hayahusiani na mizizi hata kidogo.

Ukibaki na shaka, funga kipande cha shina pamoja na mizizi ndani ya karatasi, usitumie mfuko wa plastiki unaokiozesha njiani, ukipeleke maabara ya kilimo. Kwa Kenya kuna KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, na kituo cha utafiti wa mazao ya bustani cha KALRO kilichoko Kandara. Kwa Tanzania kuna TARI Tengeru na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro.

Hatua ya pili: Chagua shamba kwa historia yake

Uliza ardhi hiyo imelimwa nini kwa miaka iliyopita, na uwaulize majirani pamoja na mwenye shamba, kwa sababu anayekodisha ardhi huweza kusahau. Palipokufa pasheni, pahame. Palipolimwa nyanya, biringanya au viazi mfululizo huwa na minyoo fundo, na fitoftora mmoja anayeshambulia pasheni hushambulia nyanya, tumbaku na michungwa pia. Palipokaa mahindi, nyasi au vitunguu kwa misimu kadhaa ni pazuri zaidi.

Kisha pima jinsi maji yanavyopita. Chimba shimo la kina cha sentimita 60, lijaze maji, yaache yazame, kisha lijaze mara ya pili. Maji ya mara ya pili yakiwa bado yanaonekana kesho yake asubuhi, hapo hapafai isipokuwa kwa kuinua matuta. Tazama pia mteremko: maji ya mvua yanayotoka katika shamba la jirani lenye mnyauko hubeba vijimbegu hadi kwako, na mfereji wa kuyakinga uliochimbwa juu ya shamba ni rahisi kuliko chochote utakachonunua baadaye.

Pima uchachu wa udongo. Mpasheni hustawi katika pH ya 5.5 hadi 6.5, ilhali fuzari hupendelea udongo wenye uchachu. Lenga upande wa juu wa kipimo hicho, karibu na 6.5, kwa kutumia chokaa ya kilimo, nacho kiasi chake kitokane na majibu ya maabara. Mkulima anayemwaga chokaa kwa kukisia huweza kupita kiasi na kuufunga udongo usitoe chuma na zinki, yaani akaifanya kwa mkono wake kazi ile ile inayofanywa na sumu ya fuzari.

Katika maeneo ya chini yenye jua kali, udongo wa kitalu au wa eneo dogo unaweza kuchomwa kwa jua: lowesha udongo uliolainishwa, ufunike kwa nailoni angavu iliyobanwa kingo zote, na uuache wiki 4 hadi 6 za msimu wa joto. Kwenye nyanda za juu zenye mawingu njia hii haina nguvu za kutosha, na sishauri mtu aitegemee.

Hatua ya tatu: Pika udongo wa kitalu

Ugonjwa mwingi husafiri kutoka wilaya hadi wilaya ndani ya vifuko vya miche. Mche ulioambukizwa unaweza kuonekana wa kijani na wenye afya siku ya kuuzwa. Kwa hiyo udongo wa kuoteshea usichukuliwe kwenye shamba la pasheni, na hata ule wa msituni upikwe kwa mvuke.

Njia ya kijijini ni pipa lililokatwa juu. Weka maji kiasi cha kiganja kwa kina, weka mawe na wavu wa chuma juu ya maji, kisha jaza udongo mbichi kiasi, uliochekechwa na kuchanganywa na mboji iliyoiva. Funika kwa magunia mazito na uwashe moto wa wastani chini yake. Katikati ya udongo, mbali na kingo zinazopata joto kwanza, zika kiazi mviringo kimoja cha ukubwa wa yai. Siku utakayokitoa kimeiva hadi kati, joto limefika pote, kwa kuwa kuvu hizi hufa kwenye nyuzi joto 60 hadi 70 zikidumu kwa nusu saa. Kiazi kikiwa kigumu, rudisha moto. Nimeona watu wakipika mpaka udongo ukanuka kuungua, nao hukosea kwa upande wa pili: udongo uliochomwa hadi ukawa mtupu hauna kiumbe rafiki hata mmoja, na kuvu ya kwanza kuingia ndiyo inayotawala. Uache upoe juu ya turubai safi, wala usiuweke juu ya ardhi.

Hatua ya nne: Bebesha zambarau juu ya njano

Shina la njano lina mizizi inayostahimili fuzari na minyoo fundo kuliko ile ya zambarau, na Australia ndiko njia ya kubebesha ilikotumika mapema kuokoa kilimo hiki. Kustahimili, hata hivyo, si kinga kamili, kwa kuwa katika nchi nyingine pasheni ya njano yenyewe huugua mnyauko. Ni uzio imara ambao ukiuacha wazi hausaidii.

Otesha mbegu mbichi za njano kutoka kwenye tunda lililoiva. Huchipua katika wiki 2 hadi 4. Shina likifikia unene wa penseli, likate kwa urefu wa sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye udongo na ulipasue katikati kwa kina cha sentimita 3. Kikonyo cha zambarau, yaani kijiti kitakachounganishwa juu, kitoke kwenye mmea mama usio na dalili za virusi, kiwe na macho mawili au matatu, na unene wake ulingane na wa shina. Kichonge pande mbili kama kabari, kiingize hadi gome likutane na gome angalau upande mmoja, funga kwa utepe wa nailoni, kisha funika kwa kifuko angavu na uweke mche kivulini. Kisu kichovywe kwenye jiki iliyochanganywa na maji kila baada ya mche mmoja, hata kama kazi inachelewa.

Urefu wa kiungo ndio unaoamua kila kitu, na hapa nina somo nililolilipia. Nilinunua miche 200 katika kitalu kimoja ambako nilihakikishiwa kwamba yote imebebeshwa. Ilikuwa imebebeshwa kweli, lakini kiungo kilikuwa vidole vitatu tu juu ya udongo wa kifuko, nami, kwa kudhani kwamba mche uliozama vizuri ndio unaoshika, niliipanda hadi kiungo kikafunikwa. Msimu wa pili wa mvua mimea ikaanza kwenda mmoja baada ya mwingine. Nilipoufukua wa kwanza nilikuta mizizi ya njano ni myeupe, mizima kabisa. Iliyooza ilikuwa mizizi mipya iliyoota juu ya kiungo, kutoka kwenye zambarau, na michirizi ya kutu ilianzia hapo ikaenda juu. Ngao ilikuwepo, ila adui alipitia juu yake.

Kwa hiyo kagua miche kabla ya kulipa. Kiungo kiwe sentimita 20 au zaidi kutoka kwenye udongo. Mashina na vikono vya njano kwa kawaida huwa na wekundu kidogo, ilhali vya zambarau ni vya kijani. Ukiona kijani kitupu kuanzia kwenye udongo bila kovu la kuungia, umeuziwa mche wa mbegu. Vua mmoja kutoka kwenye kifuko na utazame mizizi. Iwe myeupe, isijikunje chini kama kamba, na isiwe na vinundu.

Hatua ya tano: Panda juu, usipande chini

Chimba mashimo ya sentimita 45 kwa 45 kwa 45, kwa nafasi ya mita 2 kati ya mistari na mita 3 kati ya mimea, na uyajaze udongo wa juu uliochanganywa na debe moja la samadi iliyoiva. Samadi mbichi haifai: huunguza ncha za mizizi, na kila ncha iliyoungua ni jeraha. Inua kichuguu kipana chenye kimo cha sentimita 20 hadi 30 na upande mche juu yake, udongo ukifika pale pale ulipokuwa kwenye kifuko. Matandazo ni mazuri kwa unyevu na kwa viumbe rafiki, ila yakae umbali wa viganja viwili kutoka shingoni ili gome libaki kavu. Chipukizi lolote linalotoka chini ya kiungo, na mzizi wowote unaotoka juu yake, uondolewe ukiwa mchanga.

Hatua ya sita: Maji, mbolea na palizi

Kosa ninaloliona mara nyingi ni la huruma. Mkulima anaona mmea umelegea, anauongezea maji, unazidi kulegea, anaongeza tena. Mmea ulioziba mishipa hauyanywi maji hayo, nayo hukaa udongoni yakiufukuza hewa na kuwaogeshea fitoftora njia. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole au kijiti kwa kina cha sentimita 10. Kukiwa na ubichi, acha. Matone ni bora kuliko mfereji, kwa sababu mfereji huyapitisha maji ya mmea mgonjwa kwenye mizizi ya kila mmea unaofuata.

Katika mbolea, aina ya naitrojeni ina uzito wake. Naitrojeni ya amonia, kama ile ya SA (salfeti ya amonia) na urea, huuzidishia udongo uchachu na kwa jumla huongeza makali ya mnyauko wa fuzari, ilhali ya naitreti hupunguza. CAN (kalsiamu amonia naitreti), ambayo ina zote mbili pamoja na kalsiamu, ni chaguo la busara kwa wengi wetu. Usipitishe kiasi, kwani mmea uliolishwa naitrojeni nyingi huwa laini. Majani machanga yakionyesha upungufu wa zinki, nyunyiza zinki kwenye majani badala ya kudhani ni ugonjwa.

Palizi kwa jembe karibu na shina isifanywe kabisa. Mizizi iko juu, na kila pigo la jembe ni mlango. Ng'oa magugu kwa mkono ndani ya nusu mita, na kwingine fyeka.

Hatua ya saba: Walete walinzi

Miongoni mwa kuvu za udongoni wamo marafiki, na anayetumika zaidi ni trikoderma. Huyu hujizungusha kwenye nyuzi za kuvu nyingine na kuzitoboa kwa vimeng'enya, humaliza chakula na nafasi kwenye mzizi kabla adui hajafika, na hutoa sumu zake mwenyewe zinazowaua wapinzani. Vita vya udongoni, kwa hakika, ni vita vya sumu dhidi ya sumu, na mkulima huchagua upande wa kusaidia.

Huuzwa kama unga au kimiminika, naye ni kiumbe hai, hivyo tazama tarehe ya mwisho wa matumizi na jinsi duka linavyoihifadhi. Pakiti iliyokaa dirishani juani ni vumbi tu. Changanya kwa kipimo cha lebo, mimina kwenye kitalu baada ya udongo uliopikwa kupoa, rudia siku ya kupanda, kisha kila mwanzo wa mvua. Fanya kazi hiyo jioni, udongo ukiwa na unyevu na mboji, kwa kuwa bila mboji hana cha kula. Usiimimine wiki ile ile uliyomimina dawa ya kuua kuvu, maana dawa haimjui rafiki. Kazi yake ni kutangulia, na mmea uliokwisha kulegea hatauinua. Palipo na minyoo fundo, mashudu ya mwarobaini yaliyochanganywa na udongo wa shimo husaidia kuwapunguza.

Hatua ya nane: Mmea ukiugua

Kwa fitoftora inayoanza, bado kuna la kufanya. Fukua udongo kuzunguka shingo ipate hewa, rekebisha njia ya maji, na utumie dawa za kundi la fosifonati au metalaksili zilizosajiliwa kwa zao hilo, ukithibitisha usajili kwa orodha za mamlaka za viuatilifu, PCPB nchini Kenya au TPHPA nchini Tanzania. Kwa oza ya shingo ya Fusarium solani, ikiwa kidonda ni kidogo, kwangua gome lililooza hadi kwenye ubichi na upake dawa ya shaba. Kikizidi nusu ya mzunguko wa shina, usijisumbue.

Kwa fuzari ya mishipani, hakuna dawa ya kumimina itakayoifikia na kuiondoa, hata kama muuzaji anaapa. Ng'oa mmea siku hiyo hiyo, wakati udongo si matope, pamoja na mizizi yote unayoweza kuifikia. Uingize kwenye gunia pale pale shimoni badala ya kuuburuta kati ya mistari, na uuchome. Usiutupe kwenye mboji, kwa kuwa mboji ya nyumbani mara nyingi haipati joto la kuua vijimbegu pande zake zote. Kagua mimea miwili ya kila upande kwa kufukua shingo zake. Jembe, kisu na viatu vioshwe tope lote kwanza, kisha vichovywe kwenye jiki, kwani jiki juu ya tope haifiki kwenye kuvu. Wafanyakazi waanze siku zao kwenye mistari mizima na kumalizia kwenye iliyougua, kamwe si kinyume chake.

Usizibe pengo kwa mche mwingine wa pasheni. Weka kigingi na uandike kwenye daftari mstari wa ngapi na mmea wa ngapi, kwa sababu baada ya misimu miwili hakuna atakayekumbuka, na vijimbegu vitakuwa bado vipo. Pengo hilo lipandwe vitunguu au mahindi, nayo mabaki yake yachanganywe udongoni pamoja na mboji kila msimu. Ikiwa mapengo yametawanyika shambani kote badala ya kukaa pamoja upande mmoja, ugonjwa ulikuja na miche. Yakiwa yamejipanga kufuata mteremko au mfereji, ulikuja na maji, na hapo chukua jembe uende ukachimbe ule mfereji wa kukinga kabla ya mvua inayofuata.